Mama wa Marumaru na Mfereji wa Bwana Cornelius

Mimi Wanjugu nimeuza chai hapa Lodwar tangu Uhuru, na sijaona kazi ya kipuuzi kama ile aliyopewa jirani yangu Nawoi. Kuosha sanamu.

Sanamu yenyewe iliachwa na mkoloni mmoja katika bustani ya nyumba ya serikali. Mfalme wa marumaru ameketi, tumbo mbele, na miguuni pake mwanamke aliye kifua wazi anainamisha mtungi. Bwana Cornelius, mkubwa aliyeletwa kuishi humo, alitueleza kwamba mwanamke yule ni Neema, ambayo mfalme aliwamiminia raia wake. Ajabu ni kwamba mtungini hamkutoka hata tone. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, kiangazi kimekaza, mto Turkwel ni mchanga mtupu, nasi tunachimba mpaka kiunoni kutafuta maji. Nawoi alivumilia upuuzi ule kwa sababu moja: jioni aliruhusiwa kuchota debe moja kwenye mfereji, bomba la bustani, na wanawe waliishi kwa debe hilo.

Siku moja ikasemwa mgeni mkubwa anakuja kutoka Nairobi. Cornelius akamwambia, "Mama, nataka huyu mwanamke apendeze."

Basi Nawoi akampendezesha. Akampaka mafuta ya mbuzi na udongo mwekundu toka utosini hadi unyayoni, akamvika shanga zake mwenyewe, maana kwao Waturkana mwanamke mkavu, asiye na mafuta wala shanga, ni mfiwa. Naye mfalme, Nawoi akamwacha na vumbi lake. Hakuagizwa habari za mfalme.

Cornelius alipoona alifura, akamfukuza papo hapo na debe tupu. Nililia kwa hasira, nisikufiche. Mgeni akafika, akamzunguka yule mama wa marumaru, akapiga picha, akasema hajaona utamaduni ukiheshimiwa namna hii.

"Ni wazo langu, mheshimiwa," akajibu Cornelius, bila haya.

Mgeni akaahidi kurudi mwezi ujao na wenzake waje kujionea. Lakini jua la Lodwar halijui mheshimiwa. Mafuta yakakauka, udongo ukabanduka, na askari akatumwa kumwita Nawoi. Alikwenda polepole, kama mtu aendaye kwa wakwe.

"Ejok, ni vyema, mzee," akasema. "Nitampaka. Ila kwetu mwanamke hapakwi na mtu mmoja. Hupakwa na majirani wote, na kila mmoja huja na debe lake, na debe halirudi tupu. Ndiyo mila."

Cornelius sasa alikuwa mtetezi wa utamaduni. Akafungua lango.

Mimi nilikuwa nimekaa na Waturkana miaka kumi na sikuwahi kusikia mila hiyo. Jumamosi nilichukua debe langu, nikaenda kupaka.