Ukuta wa Udongo Mwekundu

Nilikubali kupakiwa ukuta rangi ya bure, na sijawahi kufanya jambo la kipumbavu kuliko hilo, mimi ambaye nimefanya mengi.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka ya Morogoro yakajaa sabuni za kila harufu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na uvivu wa kutoka nyumbani, nikaanzisha tuisheni barazani kwangu. Tulipofika kwenye michoro ya mapangoni ya Kondoa, watoto wakaomba niwapeleke. Kondoa! Mimi hata Dumila naona mbali. Nikawaambia pango tutalileta hapa hapa. Tukachanganya udongo mwekundu na mafuta ya ng'ombe niliyoomba buchani, nikawapa ukuta wangu wa chokaa, upande wa barabarani.

"Mwalimu, hao watu wa kale hawakuwa na madaftari?"

"Hawakuwa nayo."

"Wala ada ya tuisheni?"

"Chora, wewe!"

Binti wa jirani yangu hakuchora mnyama. Alimchora mama yake akishuka kutoka Mgeta na tenga la kabichi, tenga kubwa kuliko mtu, na yeye mwenyewe pembeni ameshika pindo la kanga.

Baadaye kiwanda alikofanya kazi baba yake kikapunguza watu, naye akiwamo. Akarudi kwao Kanda ya Ziwa, akamchukua na mtoto. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwao ni wa baba, na basi halikungoja tubishane. Jirani yangu, mama mtu, akabaki peke yake. Kila asubuhi akitoka bombani alisimama mbele ya ukuta wangu. Nilimwona dirishani, nikadhani anapumzika, ndoo imemwelemea.

Kisha wakaja vijana wa kampuni ya sabuni na rangi ya buluu. Wanipakie ukuta mzima, waandike tangazo lao, nisilipe kitu. Nikasema pakeni. Nikawachemshia na chai.

Jirani aliporudi kutoka sokoni alisimama palepale, mikono mitupu. Ndipo nikaelewa: si ndoo, ni mchoro wa mwanawe. Nikakimbilia kisu, nikaanza kukwangua. Buluu ikatoka, chokaa nayo ikatoka, likabaki tofali. Nikaanza kujitetea: rangi itazuia mvua, mtoto akija atachora mchoro mwingine.

"Acha hicho kisu," akasema. "Milango yetu inatazamana, mwalimu. Ulishindwa hata kutoka ndani ukaniuliza?"