Nilinunua Boti, na Newala Hakuna Ziwa

Newala maji tunanunua kwa ndoo. Mimi nikanunua boti.

Usicheke kwanza.

Naitwa Lameck, mkulima wa korosho. Mwaka juzi msimu ulikubali, nikavuta ndinga, gari jipya kabisa. Mwaka jana ukakubali tena, nikashuka Mtwara, nikakuta jamaa anauza boti ya fiba, ya bluu, ina viti vya kuegemea.

Moyo ukanidunda kama nimeona mchumba.

Lori likaipandisha mpaka nyumbani. Mama muuza mihogo akaniuliza, "Baba Loveness, kuna mafuriko yanakuja?"

Mke wangu Mabel alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii utaiendesha wapi?"

"Hii ni mali, Mama Loveness. Unaishika."

"Na safari ya Mbamba Bay?"

Nikajifanya nakagua injini.

Dada yake, Rose, ameolewa Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa. Miaka kumi na moja hawajaonana. Kila msimu Mabel ananiomba twende, na kila msimu namjibu vilevile: safari ni kuteketeza hela. Ukirudi umeshika nini?

Gari lenyewe nililifunika turubai. Lilitoka Jumapili tu, nyumbani hadi kanisani, dakika nne.

Boti ikakaa uani miezi mitatu. Kuku wakaanza kutagia humo.

Halafu msimu wa harusi ukafika. Anjelina, mpambaji wa kumbi kule Masasi, akaja kuikodi. Anataka maharusi waingie ukumbini wamekaa ndani ya boti, wanasukumwa! Nikakubali huku nimevimba kichwa. Picha zikasambaa mitandaoni, wakaja wateja wengine. Mambo ya kukodisha nikamwachia Mabel.

Siku moja nikamkuta anafunga begi.

"Kesho naenda kwa Rose."

"Nauli umepata wapi?"

"Boti yako imenipa."

Aisee! Alikuwa anakunja kanga zake taratibu, kama mtu ambaye ameshaacha kuomba. Hapo ndipo paliponiuma.

"Basi natoa turubai. Twende wote."

Akashtuka. "Wewe? Si ubaki tu uangalie kuku?"

Nikadhani amenisusia.

Masasi, Tunduru, Songea, tukalala. Kesho yake barabara ikateremka, ziwa likatokea mbele yetu, kubwa, linang'aa. Nikasimamisha gari. Mabel akanishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu Loveness yuko chekechea.

Tukafika kwa Rose. Nikashuka.

Rose akapiga ukelele.

"Yesu wangu! Shemeji anatembea!"

Nikageuka nyuma kutafuta ni shemeji gani.

Rose yuko chini, ameyakumbatia magoti yangu, analia. Majirani wanakuja na vigelegele. Mumewe, Bernard, akatokea anasukuma kiti cha magurudumu alichoazima kwa ajili yangu.

Nikamtazama Mabel. Yeye anatazama ziwa.

"Mama Loveness?"

"Ningewaambia nini?" akaninong'oneza. "Kila mwaka wananiuliza mbona hamji. Miaka sita iliyopita nikasema umeteguka mguu. Mwaka uliofuata nikasema umekataa kupona. Baadaye ikawa yote miwili."

Miaka sita, jamani! Akina mama wa kanisa la Rose walikuwa wanafunga na kuiombea miguu yangu. Mke wangu aliona heri niwe kiwete kuliko kuwaambia mume mzima, hela anayo, ila hataki.

Nilitaka kukasirika. Nikakosa pa kuanzia.

Jumapili wakanisimamisha mbele ya kanisa nitoe ushuhuda. Nikawatazama wale mama, wengine na mvi zao, walivyolala njaa kwa ajili yangu. Kudanganya kukanishinda.

"Wapendwa, miguu yangu haijawahi kuumwa," nikasema. "Kilichokuwa kinaumwa ni kichwa."

Watu wakaanza kutazamana.

Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti, "Basi Bwana ameponya hichohicho!"

Watu wakaangua kicheko. Rose na Mabel walicheka huku wameshikana, machozi yanawatoka.

Njiani kurudi nikamuuliza Mabel, "Na mwaka huu nisingekuja, ungewaambia nini?"

Akafikiri kidogo. "Mwaka huu nilikuwa nakuzika."

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma hapa, nunua gari, nunua boti, nunua hata ndege ukitaka. Ila mpeleke mkeo akawaone ndugu zake, kabla hajaanza kukuchangishia rambirambi.