Mgema wa Kijiji cha Watalii

Mgema wa kijiji chetu cha maonyesho, pale Gede, alikuwa na viganja vigumu kama gome la mnazi, na kila asubuhi alionja tembo lake kabla ya wageni. Siku moja mwaka 1984 tembo lilituishia, nami Mueni, mpishi, nikajaza kibuyu maji ya sukari na hamira. Alionja mbele ya watalii na meneja, akameza polepole. Nikajua kazi sina tena.

“Mueni kachukua kibuyu sicho,” akasema kwa sauti yake ya chini. “Ningojeni.”

Akapanda mnazi jua la utosi, akashuka na tembo jipya, lenye povu. Wageni walipokwisha kunywa, akanijazia kata moja.

“Ahsante, baba,” nikasema.

Mimi mtu wa kanisa, sikuwahi kuonja tembo, lakini kata ile niliimaliza.