Sajini Aliyechora Daraja

Darasa la nne nilichora ng'ombe hadi mwalimu akatafuta ndoo ya kukamulia. Kwa hiyo nilipopeleka nyanya za kuuza kutoka mashamba ya Mubuku kwenye kambi moja ya jeshi huku Kasese, nikakuta mshauri nasaha akiwagawia askari wazima kalamu za rangi, nilisimama dirishani kama mkaguzi.

"Chora kile kinakunyima usingizi," mama huyo alimwambia sajini mmoja ambaye kwa miezi hakuwa akimjibu hata mke wake. "Halafu tutaongea."

Sajini alichora kama alivyofunzwa jeshini: mto, daraja, mshale wa kaskazini. Kisha akatia alama nyekundu, na kidole chake kikabaki pale pale.

"Hapa ndiyo nilimuacha mwenzangu," alisema. "Alikuwa anaita jina yangu."

Mshauri akasogeza kiti. "Endelea, baba."

Mara mkubwa wao akaingia, akainyanyua karatasi. "Hii ni ramani! Nani alikupa ruhusa ya kuchora daraja?"

Sajini akaruka wima. "Hakuna, afande!"

"Afande, hiyo ndiyo ugonjwa yake," mshauri alisihi.

"Achore maua!" Karatasi ikakunjwa mara nne, ikaingia mfukoni mwa mkubwa.

Wiki iliyofuata nilikuta maua yamebandikwa ukutani, mekundu na ya njano, na sajini ameketi chini yake kimya.

"Huyu amepona," mkubwa aliniambia. "Ama unaonaje?"

Nami, mwenye mdomo unaojulikana hadi Bwera, nilijibu, "Yamependeza sana, afande."