Kijumba cha Mzee Chenge

Mama yangu, Leonsia, alikuwa na ugonjwa wa vitu vidogo. Wenzake wakifuma vitambaa vya meza, yeye alijenga nyumba za kutosha kulaza panya. Vijiti vya kiberiti vilikuwa boriti zake, udongo wa kichuguu ukuta, majani makavu paa. Vyungu alivifinyanga vidogo kama punje ya mahindi, na Noeli ikikaribia alisuka nyota kwa magome ya migomba yaliyotoka kwetu Bukoba. Ole wako ukae kwenye kiti bila kutazama. Baba, Mwalimu Kamugisha, alikunywa chai yake amesimama, na mimi, Koku, nilishachoka kuishi nyumbani kwangu kama mgeni.

Tulikuwa Misungwi kwa sababu ya kazi ya baba, na pango la Noeli kanisani lilikuwa kazi ya mama. Mwaka sabini na nne ulikuwa wa Operesheni, serikali ilipohamishia watu vijijini. Watu waliletwa kwa malori kutoka walikozaliwa, wakapangwa kwa mistari karibu na shule, na nyumba walizoacha zikabomolewa wasije wakarudi. Mwaka huo mama akakataa kujenga zizi la Bethlehemu.

"Mtoto azaliwe kwenye kaya ya Kisukuma," alisema. "Hiyo Bethlehemu nani hapa ameiona?"

Akajenga msonge, ua wa minyaa, zizi la ng'ombe, na uani kijumba kingine kidogo zaidi cha nyasi, kama alichowahi kukiona kwa Ng'washi, mama yake Malimi, mtu mzima aliyekuwa akituuzia maziwa kabla hajahamishwa. Mama alidhani ni banda la kuku. Akafinyanga kuku, akamweka mlangoni. Hata mimi, pamoja na hasira zangu, nilikiri kwamba lilikuwa pango zuri kuliko yote.

Ng'washi hakuwa Mkristo. Siku ya Noeli alikuja kutazama tu, kama wengi wa majirani. Alipofika mbele ya pango alipiga magoti, nasi tukafurahi tukidhani ni kwa ajili ya Mtoto. Kumbe alimwondoa yule kuku kwa vidole viwili, akaanza kuongea na kile kijumba kwa Kisukuma, polepole, kama anayeomba radhi. Katekista Bagenda akamshika mkono akamtoa nje. Mama akawafuata, nami nyuma yake.

"Mama Koku, hilo si banda," Ng'washi alisema. "Hiyo ni nyumba ya baba yangu, mzee Chenge. Ni marehemu, lakini hapo ndipo tunapomwekea pombe yake na kumweleza mambo yetu. Siku ya lori nilipakia sufuria, nikapakia jembe, baba nikamwacha. Hajui tuliko. Nipe hicho kijumba nikamchukue."

"Mama Malimi, mimi sikujua..."

"Nipe tu."

"Leonsia," katekista alisema, "ukitoa nyumba ya Bwana ukawapa mizimu, pango usiliguse tena."

Mama alirudi nyumbani akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Baba alimwambia aachane na mambo hayo, nyumba ya mwalimu inatazamwa na wengi. Pango hilo lilikuwa furaha pekee ya mama ugenini. Nilimwona anavyoumia, nikamhurumia. Kesho yake alikwenda kanisani, akaking'oa kijumba pale uani, akaniita twende kwa Ng'washi.

Tukaenda wote watatu hadi kwenye ile kaya ya zamani. Haikuwepo. Minyaa ilikuwa imeng'olewa na trekta la kijiji limeshalima kila mahali tayari kwa pamba. Ng'washi alitembea huku na huku juu ya matuta akitafuta ulipokuwa mlango, akabishana na nafsi yake, akarudi nyuma, mwishowe akachagua mahali. Akaweka kijumba chini, akamimina pombe kidogo kutoka kwenye kibuyu, akasema maneno ya Kisukuma ambayo niliyaelewa: baba, twende nyumbani. Tukasubiri. Kisha akakifunika kwa kanga, akakibeba kifuani.

Tulipofika barabarani alisimama.

"Mama Koku, wewe ndiwe uliyekijenga. Kishike. Uzito umeongezeka?"

Mama alikipokea kwa viganja viwili, akafumba macho. Nilimwomba Mungu amtie neno mdomoni.

"Ni uleule, Mama Malimi."

Ng'washi aliketi palepale vumbini. "Basi amekataa," alisema. "Amekataa kuja."

Mama alimshika bega, akamwambia kwamba labda marehemu hana uzito, labda yumo humo. Ng'washi hakumsikiliza tena. Alilia hadi wapita njia wakasimama, na kijumba akakiacha mikononi mwa mama.

Mama hakujenga kingine maishani mwake. Watu husema alimtii katekista. Mimi nilikuwepo. Nilimkasirikia siku ile kuliko siku yoyote, na sasa nina wajukuu bado namkasirikia: neno moja tu la uongo, kwa mwanamke aliyemwacha baba yake, lingemgharimu nini?