Mzee Aliyekataa Kunilaani

Ko. Mzee aliiweka fimbo yake chini kwenye simiti, polepole, na mazoezi yetu yakakufa hapo hapo. Bado nausikia mlio huo.

Ilikuwa Alhamisi, kwenye ukumbi wa mabati wa kanisa, Kitengela. Jumamosi tulikuwa tunaonyesha Kajiado mchezo wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeutoa kwenye riwaya ya zamani ya Norwe niliyopata kwa vitabu vya mitumba. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini kuota niliota kama profesa. Theluji niliigeuza kiangazi, na haikunisumbua, maana ng'ombe akifa kwa baridi au kwa kiu, amekufa. Lakini mle baba anamlaani bintiye, na laana hiyo niliiacha vile ilikuwa kitabuni.

Binti nilikuwa mimi. Baba alikuwa huyu mzee, mfugaji Mmaasai wa Isinya, na hatukuwa na mwingine wa kushika nafasi yake.

"Haya maneno siwezi," alisema.

"Mzee, ni mchezo tu," dairekta wetu akamwambia. Yeye ni mama wa duka la mbegu, hana subira. "Kwani ukicheza mlevi unalewa?"

"Ulevi unaisha asubuhi. Laana inaisha lini? Huyu ni mtoto wa watu."

"Basi sema kwa Kimaa, wengine hawataelewa."

"Kwa Kimaa ndio mbaya zaidi, mama."

Mtu alicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia. Bila laana hakuna mchezo, na bila mzee hakuna Kajiado. Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, mtoto akikukosea kabisa, unafanya aje?"

Aliitazama fimbo yake pale chini mpaka nikaona nimemkosea mimi.

"Akiniinamishia kichwa anisalimu," akasema, "simgusi."

Kwao mtoto huinama, na mkubwa humwekea mkono kichwani. Hata mimi Mkikuyu nimeinamia wazee hivyo tangu utotoni.

"Hiyo utaweza?"

"Hiyo nitaweza. Mkono ni wangu, nitaurudisha kichwani pako baadaye."

Jumamosi ukumbi wa Kajiado ulijaa. Sehemu yetu ilipofika, niliinama mbele yake nikangoja. Niliona viatu vyake tu, vile vya tairi, na vidole vyake kando ya shuka. Nikaogopa. Akinigusa, mchezo umeisha. Mama mmoja wa mbele akasema chini chini, "Si umguse mtoto." Mwingine akaguna. Vidole vikainuka kidogo, nikafunga macho.

Havikufika.

Nilikuwa nimeandika kwamba binti anatoka mbio. Miguu ilikataa. Nilinyooka, nikaipanga leso yangu mabegani, nikatembea hatua moja moja mpaka nyuma ya pazia, na huko mbele hakuna aliyekohoa.

Hapo nyuma hapakuwa na mtu. Nilichukua karatasi zangu na biro, nikakata "anatoka mbio", nikaandika juu yake: "anatoka polepole".