Alama za Hilda

Delbert Kruse alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache wilaya nzima ya Hollis iliyaogopa. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza matrekta, lakini kila mwezi wa saba, kwenye maonyesho ya wilaya, alikuwa jaji wa pai, jemu na achari. Miaka thelathini na mmoja. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, akaonja kijiko kimoja, akatazama dari, akaandika. Alama kumi hakuwahi kumpa mtu. Alisema kumi ni ya Mungu, na hata Mungu itabidi kwanza alete pai.

Hakuwa na upendeleo. Mwaka aliomuoa LaVonne, alimpa alama saba kwa achari yake ya matango, akaandika pembeni: "Imelainika." LaVonne alinuna mpaka theluji ya kwanza. Dada yake LaVonne, Arlys, alipewa sita kwa pai ya cheri mbele ya umati, miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo hajawahi kuvuka saba. Arlys ni mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, mdomo hauna breki. Kila sikukuu, nyama ikifika mezani, lazima aseme, "Mpeni shemeji aonje kwanza, asije akatunyima alama." Delbert huonja, na kweli hutoa alama. Sisi wa Hollis tulimchukia kidogo na tulimwamini sana, na hatukuona ugumu wowote kufanya yote mawili.

Katika nyumba hiyo ni mmoja tu aliyekula bure bila kupimwa, naye ni Hilda. Alikuwa mbwa jike mweupe, mkubwa kama ndama, manyoya yakimwagika kila mahali, mwizi wa siagi, mwoga wa radi. Angekuwa pai asingepata hata nne. Delbert alimkaangia mayai kila asubuhi kwa mkono wake. LaVonne ya kwake alijikaangia mwenyewe.

Mwezi wa tatu Hilda akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Delbert akatangaza kwamba ameteguka, akamchua wiki mbili kwa dawa ya farasi, na hakuna aliyemwamini isipokuwa yeye. Mwishowe akampeleka kwa daktari wa mifugo, dada mmoja kijana aitwaye Sievers. Daktari akapiga eksirei, akaibandika kwenye mwanga. Mfupa ulikuwa umeliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa.

"Mguu huu utoke," akasema, "na kipande tutakipeleka maabara."

Mguu ukakatwa, na hapo watu wa Hollis wakajionyesha walivyo. Mzee Roland Beck alipobadilishwa nyonga mwaka huohuo, alipata kadi mbili na bakuli moja la tambi na jibini. Hilda alipata mabakuli kumi na moja. Kadi za pole zilikuja na jina lake juu ya bahasha, utadhani atavaa miwani azisome. Walutheri wakamwingiza kwenye orodha ya maombi, na mchungaji akalisoma jina lake kati ya Roland na mjane mmoja mwenye shinikizo la damu, bila maelezo yoyote. Ibada ilipokwisha, mama mgeni aliuliza kama dada Hilda ana watoto.

"Nimetoa sadaka humu miaka hamsini," Roland alinung'unika mlangoni, akiegemea mkongojo. "Kumbe ningebweka."

Wiki ya tatu Hilda alikuwa anakimbia kwa miguu mitatu, anaangusha pipa la taka kama zamani. Delbert akavimba kichwa. Alimzungusha mjini kwenye pikapu, akisimama hata mahali asipokuwa na shida napo. "Mwangalie," alimwambia Roland. "Anakushinda na nyonga yako mpya." Kwa hesabu yake ugonjwa ulikuwa ndani ya mguu, na mguu haupo.

Majibu ya maabara yakaja. Daktari Sievers aliwakalisha wote wawili, akawaambia ni saratani ya mfupa, na kwamba imeshatawanyika kwenye mapafu. Miezi minne, labda mitano.

"Lakini mguu si tumeshaukata?" Delbert aliuliza.

"Mmemwondolea maumivu ya mguu, bwana Kruse. Ugonjwa wenyewe ulishatoka humo kabla yetu."

"Ndiyo, lakini mguu tumeukata."

Aliuliza hivyo mara nne, kama mteja anayebishana na fundi. Daktari akamjibu mara nne kwa upole uleule. Kisha akatoa karatasi yenye mambo saba: maumivu, kula, kunywa, usafi, kutembea, furaha, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo lipewe alama juu ya kumi, kila jioni, kumi ikiwa ndiyo hali njema kabisa, hata kwenye maumivu.

"Jumla ikishuka chini ya thelathini na tano, nipigieni simu nije nyumbani nimdunge sindano ya kumpumzisha moja kwa moja," alisema. "Sitaki alazwe kwenye meza ya chuma huku anatetemeka. Ila nawaambia mapema: kwenye karatasi hii watu wengi hudanganya."

LaVonne akacheka katikati ya machozi. "Daktari, huyu ni Delbert Kruse. Hata mimi mkewe sijaonja alama ya bure."

Arlys naye alikuja na karatasi yake, orodha ya mambo ambayo Hilda ni lazima ayafanye kabla ya kufa. Hilda mwenyewe hakuulizwa. Alipewa steki nzima akaitapika kwenye kiti cha pikapu. Alipelekwa ziwani akagoma kushuka. Alinunuliwa aiskrimu ya vanila, hiyo akaipenda, na alipokwisha kuila akala na kikombe cha karatasi. Alifungwa skafu ya maua kwa ajili ya mpiga picha, na kwenye picha ile anafanana na mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Arlys alitia alama ya vema kila mstari.

"Aliyetaka kwenda ziwani ni wewe, shemeji," Delbert alimwambia.

"Na wewe ungempa nini, kwa mfano?"

"Ningemwacha."

"Ungemwacha afe bila kuona ziwa! Moyo gani huo?"

"Ana miaka tisa ya kuona bwawa la bata. Linamtosha."

Karatasi za mwezi wa tano, zilizobandikwa kwenye friji, zilikuwa za haki: sitini na moja, hamsini na nane, sitini. Mwezi wa sita kikohozi kikaingia. Mwishoni mwa mwezi Hilda aliyakataa mayai, na siku hiyohiyo Delbert Kruse alifungua duka la uongo.

"Kula, tisa," aliandika.

LaVonne alikuwa nyuma yake. "Hajala kitu."

"Amelamba kidole changu."

"Kidole ni chakula?"

"Kilikuwa na mafuta ya nguruwe."

Kutembea alimpa nane, kwa sababu alijaribu kuinuka, na kujaribu nako ni mwendo. Furaha alimpa kumi, kwa sababu mkia ulicheza. Mkia ulikuwa mbele ya feni. LaVonne aliizima feni, mkia ukatulia, na Delbert akaitazama karatasi yake bila kufuta kitu.

"Mwaka tuliooana ulininyima nane kwa tango moja laini," LaVonne alisema.

"Hilda si tango," akajibu, akatoka kwenda gereji.

LaVonne hakumfuata. Alimpigia simu dada yake. Wote wawili walijua, na Delbert alijua kuliko wao. Dawa za maumivu zilikuwa zimeacha kusaidia. Hilda alilala ubavu mmoja kutwa, akihema kwa mkoromo, akishtuka kila akigeuzwa, na kila jioni mtu mkweli kuliko wote wa Hollis aliandika hamsini na kitu na kwenda kulala. Alikuwa anaiogopa ile thelathini na tano kama watu wengine wanavyomwogopa yeye. Alimpenda yule mbwa, na alikuwa anamtesa, na kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Maonyesho yakafika. Delbert alikataa kumwacha Hilda nyumbani, maana Hilda hajakosa maonyesho tangu azaliwe. LaVonne akamwita Arlys haraka aje kusaidia, na wanawake hao wawili na Delbert wakambeba kwenye blanketi mpaka kwenye pikapu. Hilda alilia njia nzima ya kutoka mlangoni. Delbert alijitia hamnazo, akawasha gari.

Ukumbini akamlaza chini ya meza ya majaji. Juu ya meza kulikuwa na pai arobaini na tatu. Huyu ni mbwa ambaye mwaka mmoja aliila pai ya mshindi pamoja na utepe wake. Siku hiyo harufu haikumfumbua jicho. Delbert aliendelea kuonja, lakini dari hakulitazama tena. Alitazama chini ya meza, halafu akaandika.

Matokeo yakaanza kusomwa. Pai ya kwanza tisa, watu wakapiga makofi. Ya pili tisa. Ya tatu tisa na nusu. Kufikia ya kumi na tano makofi yalikuwa yamekauka na watu wanaangaliana. Kuna mama mmoja ambaye kila mwaka hununua pai dukani na kuihamishia kwenye sahani yake, jambo ambalo hata watoto wanalijua. Naye akapata tisa. Kisha msomaji akakohoa, akasoma mara mbili ndani ya moyo wake, halafu kwa sauti: "Arlys Kruger, pai ya cheri. Kumi."

Arlys alipiga ukelele. Alimkumbatia mtu asiyemjua. Utepe wa bluu ukabandikwa kifuani, akalia, akapigwa picha, akawakumbusha waliokuwapo na wasiokuwapo habari za miaka kumi na tisa. Kisha akajikatia kipande kikubwa, akala mbele ya watu. Alitafuna mara mbili na uso ukabadilika.

Akachukua sahani, akavuta kiti, akaketi mbele ya jaji.

"Onja tena."

"Nimeshaonja."

"Shemeji, nimesema onja."

Delbert akaonja. Zilikuwa cheri chachu tupu, za kukunja uso mpaka masikio. Hamkuwa na sukari hata chembe.

"LaVonne alipopiga simu nije tumbebe Hilda, niliacha bakuli katikati," Arlys alisema. "Niliporudi nikadhani sukari nimeshatia. Hii si pai. Hii ni adhabu. Na wewe umenipa kumi."

Delbert alikiweka kijiko chini.

"Sikuitaka kumi ya mtu mwingine. Nimepewa kumi na watu wengi, wananipaka mafuta tu. Niliitaka yako kwa sababu wewe huna huruma. Sasa hii niifanyie nini?" Akaisukuma sahani kando. "Na huyu wa chini ya meza, jana ulimpa ngapi?"

"Hamsini na nne."

Arlys aliinama, akamtazama Hilda. Alibandua utepe, akauweka juu ya meza. "Nipe alama yangu."

"Mbili," Delbert alisema. "Zote za ukoko."

"Asante. Sasa mpe na yeye ya kwake."

Delbert Kruse, miaka sitini na nane, alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji na shati lake jeupe. Alimwangalia Hilda kama alivyokuwa akiangalia pai za watu, bila kuharakisha. Arlys aligeuza kadi ya pai, akashika penseli.

"Maumivu, moja. Kula, sifuri. Kunywa, tatu. Usafi, mbili. Kutembea, sifuri." Akamwita mbwa kwa jina, na Hilda akafumbua jicho moja, akalifumba. "Furaha, tano."

Penseli ya Arlys haikuandika. Ilisubiri.

"Moja," Delbert alisema. "Siku njema, sifuri."

"Saba," Arlys alijumlisha. "Juu ya sabini."

Ukumbi mzima ulikuwa umegundua ghafla kwamba kuna matango ya kuvutia sana kwenye ukuta wa mbali. Delbert aliomba simu ya mtu, akampigia daktari.

Daktari Sievers aliwakuta saa nane mchana, blanketi limetandikwa kwenye majani nyuma ya nyumba. Alipiga magoti, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akamfunua Hilda fizi, akambonyeza taratibu ubavuni, Hilda akalia. LaVonne alikuwa amezibandua karatasi zote kwenye friji, akampa. Daktari alizipekua moja moja: hamsini na saba, hamsini na tano, hamsini na nne.

"Yuko hivi tangu lini?" aliuliza.

LaVonne alitazama majani. Arlys alitazama ua wa jirani.

"Wiki tatu," Delbert alisema. "Hizo karatasi ni uongo wangu. Alikuwa anaumia, na mimi nilikuwa naona."

Daktari alingoja aongeze neno, maana watu wote huongeza: kwamba hawakujua, kwamba walitumaini, kwamba ni mapenzi. Delbert hakuongeza. Aliketi chini, akakipakata kichwa cha Hilda, akamwambia daktari aanze.